Kuchagua na Kufuga Bleni Katika Tangi la Matumbawe Nyumbani Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ninayoulizwa tena na tena na watu wa Dar wanaofuga samaki wa maji ya chumvi, au wanaotaka kuanza. Nimeyapanga kuanzia ya msingi. Majibu marefu yako pale ambapo bleni hufa zaidi: kwenye chakula, joto na maji.

## Kumfahamu bleni

1. Bleni ni samaki gani hasa?

Ni samaki mdogo wa familia ya Blenniidae, yenye spishi karibu 400. Wengi wanaishi kwenye miamba ya maji ya kina kifupi. Nenda Coco Beach siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, uchuchumae kando ya dimbwi lililobaki kwenye mwamba. Yule samaki mwenye rangi ya jiwe anayeruka kutoka dimbwi moja hadi jingine kabla hujamkaribia ni wa familia hiyohiyo.

Hana magamba, ngozi yake imefunikwa ute. Wengi wao wakishakua hawana kibofu cha hewa, kwa hiyo bleni akiacha kuogelea anazama. Ndiyo sababu utamkuta ameegemea jiwe, amejikunja kidogo, anageuza jicho moja huku na jingine kule. Meno yake ni membamba na yamepangana kama chanuo, na juu ya macho wengi wana vishungi vidogo vinavyofanana na nyusi. Anapenda shimo. Huingia kinyumenyume, kisha anachungulia nje kama mzee aliyekaa dirishani akiwatazama wapita njia. Wengi wetu tulimpenda kwa sababu hiyo kabla hatujajua lolote jingine juu yake.

2. Nitamtofautishaje na gobi? Dukani wanawachanganya.

Tazama mgongo. Gobi, samaki mwingine mdogo wa chini, ana mapezi mawili ya mgongoni yaliyoachana waziwazi. Bleni kwa kawaida ana pezi moja refu lililoanza karibu na kichwa likaenda hadi karibu na mkia, japo wengine wana mbonyeo katikati. Halafu tazama tumbo: mapezi ya chini ya gobi wengi yameungana yakawa kama kikombe cha kunatia, ya bleni ni vijiti viwili vidogo anavyosimamia. Tofauti hii ina maana kwako, kwa sababu gobi wengi hula nyama na bleni wengi maarufu hula mwani. Ukikosea jina, utakosea na chakula.

## Kuchagua

3. Yupo bleni wa aina moja tu au nina uchaguzi?

Unao, na mtu akichagua kwa rangi peke yake hujuta. Anza na kile tangi lako linaweza kumlisha.

*Salarias fasciatus*, bleni mla mwani, ndiye anayejulikana zaidi. Anafika sentimita 14, ana madoa ya kahawia na kijani, na kazi yake kutwa ni kukwangua utando wa mwani kwenye mawe na vioo. Anaishi kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi Pasifiki. Ni mkubwa, analishwa kwa shida, na anahitaji tangi lililokomaa (soma swali la 5 kabla hujamlipia).

*Ecsenius midas*, bleni wa dhahabu, naye ni wa kwetu: anapatikana Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki. Anafika sentimita 13. Tofauti na wenzake, huyu hutoka shimoni akaogelea katikati ya maji akidaka vijidudu vinavyoelea. Baharini hujichanganya na makundi ya *Pseudanthias squamipinnis*, wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa wanaocheza juu ya matumbawe, na rangi yake hufanana na yao. Kwa tangi jipya kiasi, au kwa mtu asiye na mwani wa kutosha, huyu ndiye ninayempendekeza kwanza. Anakula chakula cha kugandishwa bila ubishi.

*Ecsenius bicolor*, bleni wa rangi mbili, mbele zambarau iliyoiva na nyuma rangi ya chungwa, hufika sentimita 11. Anatoka Maldivi kwenda mashariki, kwa hiyo ukimkuta Dar amesafirishwa kutoka mbali. Ni mkorofi kidogo kwa samaki wadogo.

*Ecsenius stigmatura*, mwenye doa jeusi kwenye shina la mkia, na *Ecsenius nalolo* wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, wote hawazidi sana sentimita 6. Wanafaa kwa matangi madogo.

*Meiacanthus mossambicus* ni bleni mwenye chonge, wa ukanda wetu huuhuu. Anafika sentimita 10, anaogelea vizuri, anakula nyama, na ni mpole asipochokozwa. Ana sumu kwenye chonge za chini. Maelezo yako kwenye swali la 22.

4. Tangi liwe na ukubwa gani?

Kwa wale wadogo wa sentimita 6, lita 60 hadi 80 zinatosha. Bleni wa dhahabu na wa rangi mbili mpe lita 120 au zaidi. Bleni mla mwani nisingemweka chini ya lita 200. Kuogelea si hoja kubwa kwake. Hoja ni kwamba jiwe dogo halioti mwani wa kumshibisha.

Kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 200 pamoja na mawe, mchanga na kioo chenyewe huvuka kilo 250. Ukikaa ghorofani, liweke kwenye ukuta unaobeba, na stendi yake itengenezwe na fundi anayejua uzito huo. Meza ya televisheni haitaubeba.

Mifuniko nayo ihesabike tangu mwanzo. Bleni huruka. Mwambie fundi wa aluminiamu akutengenezee fremu yenye wavu wa matundu madogo. Kioo kizima juu ya tangi kinazuia hewa na kuzidisha joto.

5. Tangi langu lina mwezi mmoja na limejaa mwani wa kahawia. Si ndio wakati wa kumleta bleni ausafishe?

Hapana. Hili ndilo swali linaloua bleni wengi kuliko yote, na jibu langu linatokana na kosa langu mwenyewe. Bleni wangu wa kwanza nilimwingiza kwenye tangi la wiki sita. Alikwangua kila kitu kwa wiki tatu, mawe yakang'aa, nikafurahi. Nilidhani ameshiba. Alipoanza kulala upande nikatazama tumbo lake, lilikuwa limebonyea kama jani lililokauka. Chakula cha vipande hakukijua, na mwani ulikuwa umekwisha.

Ule utando wa kahawia wa wiki za mwanzo ni wa muda. Unakuja kwa sababu tangi bado linajijenga, kisha hutoweka. Mzunguko wa bakteria wanaogeuza amonia (sumu ya kinyesi na chakula kilichooza) kuwa naitraiti kisha naitreti huchukua kwa kawaida wiki 4 hadi 6, lakini huo ni mwanzo tu. Bleni mla mwani anahitaji mawe yenye utando unaoota upya kila siku, na hali hiyo huja baada ya miezi sita au zaidi. Njia rahisi ya kupima ni hii: acha kufuta kioo cha nyuma kwa wiki mbili. Kama hakijapata ukungu wa kijani unaoonekana, tangi halijawa tayari kumlisha.

Ukitaka bleni mapema, chagua anayekula kutoka mkononi mwako. Bleni wa dhahabu anafaa, maji yakishapima sifuri ya amonia na naitraiti.

6. Nikifika dukani nimkague vipi?

Tumbo kwanza. Mtazame kutoka mbele na kutoka juu: tumbo liwe la mviringo au bapa, lisiwe limebonyea, na nyama ya nyuma ya kichwa isiwe imekatika ikaacha mfupa. Bleni aliyekonda sana mara nyingi harudi tena hata umpe nini.

Kisha omba alishwe ukiwa umesimama hapo. Muuzaji mzuri hatakataa. Akisema "ameshakula asubuhi", rudi kesho asubuhi. Macho yawe safi na yanayozunguka, pumzi isiwe ya kasi, ngozi isiwe na madoa meupe wala ukungu. Bleni anayekimbilia shimoni ukisogea ana afya. Aliyelala wazi katikati ya mchanga hajali mtu, mwache.

Uliza pia amekaa dukani siku ngapi. Aliyeshuka jana kutoka uwanja wa ndege hujui atakuwaje kesho. Mwombe muuzaji akuwekee kwa wiki moja hata kama ni kwa malipo ya awali.

7. Kwa nini nisiende kumvua mwenyewe? Bahari iko hapo.

Kwa sababu bahari hiyo ina sheria, na sehemu zake nzuri zimehifadhiwa. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975, na sasa viko chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya 1994. Huko huchukui samaki, jiwe wala tumbawe. Nje ya hapo, uvuvi unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003, na kukusanya samaki wa mapambo kunahitaji leseni. Muulize afisa uvuvi wa manispaa yako kabla hujaingia majini na wavu. Matumbawe magumu yote yako pia kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe wa porini, kwa hiyo kipande ulichookota ufukweni usikione kitu kidogo.

Liko na jambo la pili. Wale warukaji wa madimbwi ya Coco Beach hawafai tangi la matumbawe. Maisha yao ni mpaka wa maji na nchi kavu, wanapigwa na wimbi na jua, na baadhi hukaa nje ya maji kwa muda mrefu. Ukiwafungia ndani ya kioo kilichojaa maji wanagonga vichwa kwenye mfuniko. Nenda uwatazame walipo. Saa mbili za maji kupwa pale zitakufundisha tabia ya bleni kuliko mwezi mzima wa kusoma.

8. Nimeuziwa "samaki msafishaji" mwenye mstari wa bluu, lakini anawauma wenzake. Vipi?

Huenda ni bleni aliyejifananisha. *Aspidontus taeniatus* na *Plagiotremus rhinorhynchos* wamefanana sana na *Labroides dimidiatus*, msafishaji wa kweli anayewatoa samaki vimelea. Samaki akisimama kusafishwa, wao hung'ata kipande cha pezi, magamba au ute, wakakimbia. Tazama mdomo: msafishaji wa kweli mdomo wake uko mbele kabisa ya kichwa, wa hawa uko chini ya pua. Mtoe. Hakuna mafunzo yatakayombadilisha, na majirani zake wataishi kwa hofu hadi waugue.

## Maji, joto na umeme

9. Vipimo vya maji viwe vipi?

Uzito wa chumvi (yaani uzito wa maji haya ukilinganishwa na maji matupu) 1.025, joto nyuzi 25 hadi 27, pH 8.1 hadi 8.4. Amonia na naitraiti sifuri, naitreti chini ya miligramu 20 kwa lita. Kwa ajili ya matumbawe, kalsiamu iwe karibu na 420 na magnesiamu karibu na 1,300. Bleni mwenyewe huvumilia zaidi ya matumbawe anayoishi nayo. Asichovumilia ni mabadiliko ya ghafla.

10. Naweza kutumia maji ya bahari ya Dar?

Unaweza, ukichagua mahali na siku. Usichote karibu na bandari, wala karibu na Daraja la Salender ambako Mto Msimbazi unamwaga uchafu wa jiji zima. Usichote wakati wa masika, Machi hadi Mei, wala siku za karibu na mvua kubwa ya vuli, kwa sababu chumvi hushuka na tope hupanda.

Wanaofanya vizuri huchota upande wa Kigamboni mbali na mji, au kwa boti nje kidogo, maji yakiwa yamejaa. Chota kwenye madumu yaliyotumika kwa maji peke yake, kamwe dumu la mafuta au sabuni. Yachuje kwa kitambaa kizito, yaweke gizani siku kadhaa yakiwa na pampu ya hewa, kisha pima chumvi, amonia na naitreti kabla hujayamimina. Ukipata shaka, yamwage. Tangi lisiwe mahali pa kujaribia.

11. Chumvi ya mawe ya sokoni haifai?

Haifai. Chumvi ya kupikia karibu yote ni kloridi ya sodiamu. Bahari ina kalsiamu, magnesiamu, kabonati na madini mengine ambayo matumbawe hujengea mifupa. Nunua chumvi ya akwariamu ya matumbawe. Ndoo ya lita 20 inahitaji takriban gramu 700 hadi 760. Changanya ndani ya ndoo yenye pampu, usiku kucha, upime ndipo uitumie. Usiichanganyie ndani ya tangi lenye samaki.

12. Maji yanapungua kila siku. Niongeze ya bombani, ya kisima, ya mvua au ya kiyoyozi?

Kinachopungua ni maji matupu, chumvi inabaki. Kwa hiyo unaongeza maji baridi yasiyo na chumvi, na yawe safi kabisa.

Ya DAWASA yana klorini na madini yaliyoyeyuka. Ya kisima sehemu nyingi za mji huu yana chumvi yake mwenyewe. Ya mvua yakipita kwenye bati yanabeba zinki na vumbi la mji mzima. Ya kiyoyozi yanaonekana safi, na watu wengi huniuliza kwa sababu ndoo hujaa bure, lakini yametiririka juu ya koili ambazo mara nyingi zina shaba, na shaba kidogo sana inaua kamba, konokono na matumbawe. Bleni asiye na magamba naye huumizwa nayo.

Yanayobaki ni maji ya mashine ya RO, inayoyachuja kwa utando mwembamba, yenye hatua ya mwisho ya kuondoa ayoni (madini yaliyobaki). Kama huna mashine, wako wanaouza kwa dumu. Nenda na kipima-maji chako cha mkononi, kile kinachopima vitu vilivyoyeyuka majini. Kisome sifuri au karibu na sifuri.

13. Nyumba yangu haina kiyoyozi. Joto la Februari nitalimudu?

Kwa shida. Wakati wa kaskazi chumba hufika nyuzi 31 au 32 mchana, na pampu na taa huongeza joto juu yake. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, kimetaboliki ya samaki hupanda, na bleni anayekula mwani huhitaji chakula zaidi wakati uleule tangi linapochoka.

Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 hadi 3 kwa kuyafanya yakauke. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi, kwa hiyo nafuu hiyo hupungua siku zenye jasho. Ongeza hatua nyingine: weka tangi upande wa nyumba usiopigwa na jua la jioni, washa taa kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi usiku badala ya mchana, na acha kabati la chini wazi. Kama bado maji yanapita nyuzi 29 siku kwa siku, nunua chila (mashine ya kupoza maji) au usifuge matumbawe magumu. Bleni peke yake na matumbawe laini watavumilia nyuzi 28 zisizoyumba.

Juni hadi Agosti, kusi ikivuma, hita ndogo inaweza kuhitajika usiku. Wengi huishangaa, lakini mabadiliko ya nyuzi 4 kati ya mchana na usiku ni mabaya kuliko nyuzi 28 za kudumu.

14. Umeme ukikatika nifanye nini?

Samaki hawafi kwa giza, wanafungiwa pumzi. Bila pampu, maji hayageuki na oksijeni huisha, haraka zaidi yakiwa ya moto. Weka pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme ukizimika. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko samaki mmoja. Inveta na betri ya kuendesha pampu moja ya mzunguko ni bora zaidi. Achana na taa.

Usilishe umeme ukiwa umekatika. Ukiona bleni amepanda juu na kuvuta pumzi karibu na uso wa maji, chota kwa jagi na mimina kutoka juu, tena na tena, hadi upate msaada. Na hakikisha luku haijaisha kabla ya kumlaumu TANESCO. Nimeshapokea simu ya namna hiyo zaidi ya mara moja.

## Chakula

15. Bleni mla mwani anakula nini hasa?

Utando wa mwani, pamoja na mabaki na vijidudu vilivyonasa ndani yake. Hutwanga jiwe kwa midomo na kukwangua, na alama zake utaziona kwenye kioo kama mabusu madogo ya duara.

Hata kwenye tangi lenye mwani, mwongezee. Bandika kipande cha nori, ile karatasi ya mwani ya sushi isiyo na chumvi wala viungo, kwenye jiwe kwa mpira au kibanio, asubuhi. Ongeza chembe zenye spirulina zinazozama. Mpe pia kamba wadogo waliogandishwa mara mbili kwa wiki. Ujanja uliomwokoa bleni wangu wa pili ni huu: nilikuwa na mawe manne madogo kwenye ndoo ya maji ya chumvi iliyokaa kibarazani penye jua. Yakiota utando, moja linaingia tangini na jingine linatoka. Kila wiki alikuwa na shamba jipya.

Bleni wa dhahabu na wenye chonge hawaishi kwa mwani. Wape artemia na misisi (vikamba vidogo vya kugandishwa) na mayai ya samaki mara mbili au tatu kwa siku, kidogokidogo.

16. Atamaliza mwani wote wa nywele tangini mwangu?

Hapana. Anapenda ulio mfupi na laini. Nywele ndefu za kijani, utando mwekundu wa bakteria na mwani mgumu wenye mapovu huviacha. Mwani mwingi ni dalili ya naitreti na fosfeti, na chanzo chake mara nyingi ni chakula kilichozidi au maji ya bombani (swali la 12). Ng'oa kwa mkono, punguza chakula, rekebisha maji. Bleni umnunue kwa sababu unamtaka bleni.

17. Mwani unaolimwa Zanzibar unafaa?

Ule unaolimwa kwenye kamba, spinosum na cottonii, ni mnene na mgumu, na meno ya bleni yameumbwa kukwangua utando. Wengi huupuuza. Kangaja, samaki mwingine mla mwani, akiwa tangini ataufurahia kuliko yeye. Ukijaribu, tumia mbichi uliooshwa, na utoe usiku kabla haujaoza.

18. Siku ya nne hajala chochote.

Mgeni anaweza kujificha siku tatu hadi saba. Mwache, zima taa kali, na usimfukuze kwa kijiti. Mwekee nori na chembe karibu na shimo lake, jioni. Chunguza pia kama anafukuzwa na mwingine, kwa sababu bleni anayeonewa hafi kwa meno, anakufa kwa kutotoka kula. Tumbo likianza kubonyea, mhamishie kwenye kisanduku cha kuning'inia ndani ya tangi, na mawe yenye mwani.

## Majirani

19. Naweza kuweka wawili?

Wa aina moja, hapana, isipokuwa umewapata wakiwa dume na jike waliokubaliana. Wawili wa jenasi moja watapigania mashimo. Tangi la lita 300 lenye mawe mengi linaweza kubeba bleni mla mwani na bleni wa dhahabu, kwa sababu mmoja anaishi juu ya jiwe na mwingine katikati ya maji. Yule mpole aingie kwanza.

Usimchanganye na chewa, mkunga au samaki yeyote mwenye mdomo wa kummeza. Gobi wadogo wenye umbo kama lake atawasumbua.

20. Anadonoa matumbawe yangu. Ni kawaida?

Hutokea. Bleni mla mwani na wa rangi mbili hudonoa matumbawe magumu, na wengine hung'ata ngozi ya chaza wakubwa. Mara nyingi huanza na njaa: kwanza anakwangua mwani uliozunguka tumbawe, kisha anaonja. Mshibishe kwa wiki mbili kama ilivyo kwenye swali la 15. Akiendelea, mpe mwenzako mwenye tangi la mawe bila matumbawe. Akishazoea ladha hiyo haachi.

## Matatizo na mambo ya nadra

21. Usiku amepauka na kupata mabaka. Anaumwa?

Hapana, amelala. Bleni hubadili rangi akilala, akiogopa au akihamishwa. Taa zikiwaka, mpe nusu saa. Akibaki hivyo mchana kutwa, pima maji.

22. Ameniuma. Nina hatari?

Bleni mla mwani anakwaruza tu. Mwenye chonge wa jenasi ya *Meiacanthus* huingiza sumu. Mwaka 2017 watafiti walieleza kwamba sumu hiyo ina peptidi za aina ya opioidi na hushusha shinikizo la damu la adui. Samaki mkubwa aliyemmeza humtema akiwa ameduwaa. Kwa mtu kwa kawaida ni jeraha dogo. Osha kwa maji safi na sabuni, na uende kituo cha afya ukipata uvimbe mkubwa au kizunguzungu. Tumia glavu ukisafisha mashimo.

23. Nimemkuta sakafuni.

Akiwa bado na unyevu, mrudishe mara moja kwa mikono iliyoloweshwa maji ya tangi. Bleni huvumilia zaidi ya samaki wengi kwa sababu ya ute wake. Usimsugue vumbi, litajitoa. Halafu tafuta alipopitia. Mara nyingi ni kona ya waya za pampu.

24. Ana madoa meupe kama punje za chumvi. Nimwage dawa?

Usimwage chochote ndani ya tangi la matumbawe. Huenda ni kimelea kiitwacho *Cryptocaryon irritans*. Dawa za shaba zinaua matumbawe na kamba, na samaki asiye na magamba huzimudu vibaya. Mhamishie tangi la pembeni lenye mabomba ya plastiki ya kujificha, na umshughulikie huko kwa kushusha chumvi polepole hadi 1.009 kwa wiki kadhaa, ukipima kila siku. Tangi kuu libaki bila samaki yeyote kwa wiki 8 au zaidi ili kimelea kikose wa kumdandia. Ungeliepuka haya kwa kumtenga kila mgeni wiki 4 kabla ya kumwingiza.

25. Kuna mayai ukutani mwa shimo na hataki kutoka.

Hongera. Bleni hutaga mayai yanayonata, na dume hubaki kuyalinda na kuyapepea. Atakula kidogo na atakuwa mkali. Makinda ni madogo mno na huelea. Ndani ya tangi la kawaida pampu na majirani huyamaliza. Mwache baba afanye kazi yake, na umsogezee chakula mlangoni.

26. Desemba naenda Moshi wiki mbili. Atakayebaki nyumbani hajui samaki.

Mgawie chakula kabla, kila siku kwenye kikasha chake, na kilichobaki kifiche. Samaki wengi niliowapoteza safarini walikufa kwa kulishwa sana na mtu mwenye huruma. Jaza dumu la maji ya kuongezea, chora alama kwenye kioo kwa kalamu ("maji yasishuke hapa"), na mfundishe kuwasha pampu ya betri. Bleni mla mwani mwachie kioo cha nyuma bila kufuta wiki tatu kabla ya safari.

27. Nimeshindwa kumfuga. Nimwachie baharini?

Usifanye hivyo, hata kama spishi yake ni ya kwetu. Amekaa na samaki wa Indonesia na Ufilipino, na anaweza kubeba vimelea ambavyo bahari yetu haivijui. Mrudishe dukani, au mpe mfugaji mwingine. Mweleze anakula nini, saa ngapi, na shimo gani analipenda. Ukiweza, mpe na lile jiwe.